Jina la Wasumeri na Jina la Bibi

Shule yetu ya jioni pale Mbuji ilikuwa na taa moja ya chemli na wasomi wa kutosha kuendesha serikali nzima, ukitusikiliza wenyewe. Tulikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashamba ya kahawa, matope miguuni, tukakaa kubishana kama mawakili.

Jioni moja mwalimu alitueleza habari za Wasumeri, watu wa kale mno walioishi kati ya mito miwili kule Iraki. Jina hilo si lao, akasema. Walipewa na majirani zao wa kaskazini. Wenyewe walijiita watu wa vichwa vyeusi. Na walikotoka, wataalamu hawajapatana: wengine wanasema milimani, wengine wanasema walikuja kwa bahari.

Darasa likawaka. Rafiki yangu wa Kihagara, kijiji cha ziwani, aliyepanda huku kutafuta vibarua, alishikilia baharini. Mimi Mmatengo, mtu wa milima, nilishikilia milimani. Tulibishana mpaka nadhani Songea walitusikia.

Nyumbani nikamsimulia bibi, mzaa baba. Wangoni walimteka angali mtoto mdogo, akapita mikono mingi kabla ya kuolewa kwetu. Hata jina lake walimpa wao. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi.

"Sasa hao mabwana wamejuaje wafu walijiitaje?"

"Waliandika kwenye udongo, bibi. Watu wameuchimbua."

Alimaliza gunzi, akachukua jingine. "Basi waulize na mimi nilikuwa nani. Nisife hivi hivi."

Jumapili baada ya misa nikawaleta mwalimu na rafiki yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ninyi ndio mnaojua watu walikotoka?"

Rafiki yangu alikuwa amebeba usipa, wale dagaa wa ziwani, wakavu. Bibi akawatafuna kwa raha zake.

"Mnaona?" akasema rafiki yangu. "Huyu wa kwetu, wa ziwani."

"Basi na paka wetu ni Mnyasa," nikamjibu.

Bibi alicheka, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta na kicheko kimekwisha.

Mwalimu akamuuliza taratibu anakumbuka nini.

"Mama aliniita siku ile. Aliita kwa nguvu, na mimi nimeshikwa mkono, naburutwa. Sauti yake ninayo mpaka leo. Jina ndilo silisikii."

Sisi wawili, ambao tungeweza kubishana hata na radi, tuliinamia mahindi yake, tukapukuchua.

Bibi alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Kwetu, kabla ya kufukia, mzee wa ukoo hutamka marehemu ni mtoto wa nani, wa wapi. Baba mkubwa, ndiye mzee wetu, alianza vizuri, akafika hapo pa mtoto wa nani, akatugeukia sisi wasomi. Mvua ile ingeweza kujaza Ziwa Nyasa upya. Nilimtazama rafiki yangu. Siku hiyo angesema wa ziwani, nisingembishia. Hakusema.

"Mtoto wa mama yake," akasema baba mkubwa, akachukua jembe.