Zimwi la Mwalimu Sedekia

Mwalimu Sedekia alirudi kutoka kozi ya elimu ya watu wazima Iringa na vitu viwili: koti la kijivu lililombana mabegani, na mchezo. Mchezo wenyewe aliuita safari. Alichora njia kwa chaki sakafuni, kila mwanafunzi akaweka mwanzoni punje moja ya mahindi ya kukaanga. Kwenye kila daraja la chaki lilikaa zimwi. Zimwi hilo halikupigana na mtu, liliuliza swali gumu tu. Ukijibu vizuri, punje yako ilisonga. Ukikosea, zimwi liliila. Zimwi alikuwa mwalimu, na punje alizitafuna kweli.

Atuganile, mama wa miaka arobaini na kitu, alikuwa akija darasani kila alasiri ili siku moja asome mwenyewe barua za mwanawe aliyekuwa jeshini. Hakuja kumlisha mwalimu. Alimtazama yale mataya yakienda juu na chini, akawaza kwamba mtu huyu hakuwahi kukutana na swali gumu asilikimbie.

Alikuwa na sababu. Mwaka juzi, masika, baba mkwe wake aliteleza kwenye gogo la kuvukia mto, akachukuliwa na maji. Kwao Rungwe mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, na akimwona njiani hupita porini. Kumgusa ni jambo la kurudishwa kwenu. Sedekia alikuwa ukingoni. Alivua viatu vyake vipya, akavipanga vizuri, akayatazama maji, akavivaa tena. Atuganile ndiye aliyeingia, akafumba macho, akamvuta kwa makwapa mzee aliyekuwa tayari amezimia. Watu walipofika walimkuta Sedekia amempakata mzee, na ndiye aliyepewa jogoo. Atuganile alikuwa ndani ya migomba, nguo zikimchuruzika. Alinyamaza. Uongo ule ndio uliomweka kwenye ndoa yake hadi leo, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi.

"Daraja la tatu," mwalimu akasema. "Zimwi linauliza: baba mkwe wako anazama, na hakuna mtu mwingine karibu. Utamshika au utamwacha? Mama Atuganile, anza wewe."

Alikuwa akitabasamu.

Anyitike, aliyekaa karibu na Atuganile, akamnong'oneza, "Dada, hilo ni swali au ni tusi?"

Nyuma yao alikaa Ikupa, wifi yake Atuganile, kalamu imetulia mkononi. Atuganile alijua kwamba akisema angemshika, jibu lingefika nyumbani kabla yake, na mumewe angeanza kukumbuka nguo zilizoanikwa siku ile.

"Ningemwacha," akasema.

"Umekosea, mama." Mwalimu aliinama akaokota punje yake. "Utu kwanza, mila baadaye. Ndiyo maana tunasoma, tuache ujinga kama huu."

"Na wewe mwalimu, ungefanyaje?"

"Mimi? Si mnajua wote. Niliingia majini."

"Tunajua, mwalimu," Ikupa akadakia. "Ulimla jogoo wetu hadi kichwa."

Darasa likacheka. Mwalimu akacheka pia, akaitupia punje mdomoni.

"Na viatu?" Atuganile akauliza kwa upole. "Ulipoingia, viatu uliviacha wapi?"

Wakacheka tena, wakidhani utani unaendelea. Sedekia hakucheka. Aliimeza punje nzima, ikamkwama, akaanza kukohoa huku koti likimpanda hadi masikioni. Macho yake yalikutana na ya Atuganile, yakashuka yenyewe hadi miguuni.

"Mpeni maji," Atuganile akasema. "Yawe kidogo tu, asije akaogopa."

Kesho yake walikuta njia ya chaki imefutwa. Mwalimu Sedekia aliandika herufi ubaoni akiwa amewapa mgongo, na Atuganile akafungua daftari lake, akaanza kunakili.