Fulu Aliyemwagwa Shimoni

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya samaki pale Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Mtafiti Mkuu aliniwekea mezani sinia la fulu, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Hawa si aina moja," alisema. "Angalia meno."

Mmoja alikuwa na meno ya kuvunja konokono, mwingine ya kukwangua mwani maweni. Hivyo ndivyo tulivyowaainisha: meno, magamba, miiba ya mapezi. Kila kiumbe hupewa majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wake, la pili ni la spishi, lake peke yake. Na sharti samaki mmoja ahifadhiwe chupani, awe shahidi kwa atakayebisha.

Baada ya miaka kadhaa, nilinunua ufukweni Usenge, kwa Mama Atieno mchuuzi, fulu wenye midomo minene na tumbo la rangi ya kutu. Niliwahifadhi chupani, nikapekua maandishi yote, hawakuwemo. Mtafiti Mkuu alinishika mkono kwa furaha. "Sayansi haiwajui hawa. Anza kuwaeleza."

Kabla sijamaliza, alistaafu. Akaja Mkurugenzi. Wakati huo mbuta, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani kutoka kwingine, alikuwa akinunuliwa na viwanda kwa tani.

"Madam, fulu ni takataka," alisema. "Hizi rafu za chupa zao nazitaka."

"Bwana Mkurugenzi, hawa hawajapata jina."

"Basi hakuna atakayewatafuta."

Alinituma Muhoroni kukagua mabwawa ya wakulima. Niliporudi, chupa zilikuwa zimeoshwa, zimepangwa juani. Samaki wote walikuwa shimoni nyuma ya stoo, wamefunikwa chokaa. Nilichimba kwa jembe huku formalini, dawa ya kuhifadhia samaki, ikinichoma macho. Nilipata uji wa samaki tu.

Nikakimbilia Usenge.

"Fulu wa midomo?" Mama Atieno aliguna. "Hao waliisha, nyathina, mwanangu. Mbuta amewala wote. Siku hizi ni dagaa wa omena tu na mbuta."

Nilirudi ufukweni hapo msimu baada ya msimu. Sikumwona tena hata mmoja.

Nilipostaafu, Mkurugenzi alisimama mbele ya wageni akanisifu kwa utumishi uliotukuka, kisha akaninyooshea mkono. Sikuupokea.

Wenzangu wa kanisani hunihimiza nisamehe. Nawauliza, nisamehe kwa niaba ya nani? Aliyekosewa hana hata jina.