Kando ya Ukuta wa Mama

Mashine yangu ya kupima mvuto wa dunia inadeka kuliko bibi harusi. Ndani yake kuna uzito mdogo unaoning'inia kwenye springi. Ardhi ikivuta zaidi, hata kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu mvua imelowesha udongo au eneo limetitia, springi inanyooka na namba zinabadilika. Mtu akipita na gambuti, inasikia. Upepo ukitikisa migomba, inasikia.

Safari hiyo mimi na dereva tulitoka Bukoba kuelekea Ngenge, tukipima kituo kwa kituo, na kituo kimoja kilikuwa Ijumbi, kwenye kibanja cha mama yangu. Niliomba mwenyewe kiwekwe pale ili nipate sababu ya kumwona mara kwa mara. Tangu tetemeko lipasue nyumba aliyoijenga marehemu baba, mama alikuwa analala jikoni, kwenye kibanda cha nje, pamoja na kuni na mbuzi. Ukuta wa mbele ulikuwa na ufa unaoingia mkono mzima. Kuhamia kwangu mjini alikataa katakata. Kaburi la baba liko kibanjani, alisema, na magugu hayajipalilii.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, na mahali pa kuukwepa palikuwa pamoja tu: barazani, chini ya ukuta ule ule. Nikaketi hapo, nikaiweka mashine sawa, nikatulia. Hapo ndipo majirani walipoanza kuja. Kwetu hupiti mji wenye mgeni bila kusalimia, na akina mama husalimia kwa kupiga magoti. Kila aliyepiga goti, namba ziliruka.

"Wasibota, waitu," walisema.

"Naomba msimame mbali kidogo," nilijibu.

Mama aliona aibu mpaka akafunika uso kwa kanga. "Umesoma mpaka salamu imekushinda?"

Kwa hiyo nilipokea salamu zote, kisha nikaanza upya, mgongo ukutani, mpaka jua likahama. Nilipofunga sanduku, mama akaja kusimama mbele yangu.

"Imesema nini?"

"Maji yamepungua ardhini, mawe," nilijibu, kwa neno ambalo kwetu mtoto humwitia mama yake.

"Sikuulizi maji. Nyumba itaanguka?"

Nikamweleza kwamba mashine hii haijui kuta, wala haijui ardhi itatikisika lini tena.

"Yaani inamsikia jirani akipiga goti, halafu haisikii tetemeko linalokuja?"

"Haisikii. Hata mimi sijui." Sauti ilinipanda. Hasira haikuwa kwake, ilikuwa kwa lile sanduku, na kwa miaka yote niliyosoma ili nije kusema sijui mbele ya mama yangu.

Akacheka. "Umekaa chini ya ukuta ule tangu umalize chai. Ungekuwa unaanguka, ungekaa?"

"Nilikuwa nakwepa upepo, mawe!"

"Mtu mwenye mashine kama hiyo hakai ovyo."

Nikamwambia nitaleta fundi aukague. Akasema ukuta umeshakaguliwa, na mtoto wake mwenyewe, majirani wote wameona. Nikamwomba asubiri japo mvua zipite ndipo arudi kulala ndani ya nyumba. Akaenda kukata nyasi za kutandika sakafuni. Methali ya sikio la kufa ilinifika mdomoni, nikaogopa, nikaimeza.

Barabarani dereva alikuwa anapiga honi. Ngenge ilikuwa bado mbali. Mama alitoka jikoni akiburuta kitanda chake cha mbao peke yake, mgongo umepinda, anapumua kwa shida, na kila akivuta kidogo anasimama. Nilisema, "Mawe, tafadhali." Hakugeuka. Nikasimama pale nikimtazama, na sikuweza kuvumilia. Nikaweka sanduku chini, nikashika upande wa pili, nikamwingizia kitanda ndani.