Samaki Aliyemla Susu

Nilimaliza masomo ya jioni ya watu wazima nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wangu, na cheti changu nilikitembeza Ekalakala nzima mpaka mbuzi wakakijua. Ndicho kilichonipa kazi ya msaidizi katika darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, kwenye shule ya msingi karibu na bwawa, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Chaki ilikuwa ya kubahatisha na vitabu havikuwapo. Maji ya bwawa yalikuwapo, basi tukafundisha kwa ndoano.

Usicheke. Mtoto aliyeshindwa kutulia kitini alikaa juu ya jiwe akitazama kipande cha patipati, ndala ya mpira, kinavyoelea kwenye mshipi, kimya mpaka ndege wakadhani ni kisiki. Aliyeshindwa kufunga kamba za viatu alifunga mshipi. Walijifunza kuhesabu kwa samaki, wakajifunza kisu, moto, mafuta ya moto na kuosha sufuria.

Hodari wao alikuwa msichana aliyekuwa anaanza kuwa mwanamke, mwenye akili ya polepole na kicheko cha haraka. Alilelewa na nyanya yake, ambaye sisi sote tulimwita Susu, kama Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Susu alikuwa na ugonjwa wa presha. Siku moja alikuja shuleni na mkongojo wake, akajibana kwenye dawati la watoto.

"Mwalimu, mimi safari yangu iko karibu. Kijana wangu wa Wamunyu anasema huyu hawezi kubaki peke yake. Anataka kumchukua."

"Na wewe unataka nini, Susu?"

"Abaki kwangu. Jirani amekubali kumwangalia. Lakini kijana wangu anataka kuona na macho yake kama anaweza kujipikia. Kwa hivyo mfundishe vizuri."

"Nitamfundisha mpaka apikie rais."

"Rais ako na wapishi. Mfundishe ajipikie."

Mjomba wake huyo wa Wamunyu alikuja nyumbani kwa Susu Jumamosi moja, na mimi nikawapo. Msichana alikuwa amevua ngege mwenyewe. Alimparua magamba, akamtoa matumbo, akawasha moto kwa kiberiti kimoja, akakaanga, akasonga ugali. Hakuungua, hakumwaga. Tatizo lilikuwa moja tu: katika nyumba ile samaki hakuwahi kuvuka mlango. Kwa wazee wetu wengi, samaki ni nyoka tu.

Mjomba alikaa karibu na mlango, amejiziba pua kwa kofia.

"Mwalimu, siku hizi serikali inawalipa mfundishe watoto kula nyoka?"

"Nyoka gani ako na mapezi?"

"Huyo wa kuogelea."

Msichana alisimama katikati ya nyumba na sahani mikononi, akitutazama mmoja mmoja. Kicheko chake kilikuwa kimepotea. Susu akaiona ile sahani, akamwona mwanawe, nadhani akajua kwamba chakula kikikataliwa itakuwa kama hakijapikwa. Akanawa mikono. Mjukuu akamtolea miiba, akampa. Susu alitafuna akiwa amefumba macho, koo likipanda na kushuka kama anameza ufunguo.

"Chumvi imetosha," akasema. "Niongeze."

Mjomba akaishusha kofia, akaivaa kichwani.

"Haya," akasema mwishowe. "Nimeona. Atabaki."

Siku hiyo nilirudi nyumbani miguu ikigusa ardhi kwenye kona tu.

Susu alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Daktari alisema ni presha, na kila mtu alijua ana presha. Lakini siku ya mazishi, chini ya turubai, nilikuta habari imeshapikwa na kupakuliwa: mama mzee alilishwa nyoka wa maji, tumbo halikuzoea, damu ikaharibika. Nilieleza. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, kwa Kikamba na kwa Kiswahili cha cheti.

"Mwalimu, nakuheshimu," mjomba akaniambia. "Lakini aliyemlisha mama yangu kitu hicho, nimwachie jiko lake?"

"Alipika vizuri. Uliona mwenyewe."

"Niliona. Ndiyo maana namchukua."

Baada ya hapo wazazi wakakataza watoto kwenda bwawani. Tukarudi kuimba herufi mbele ya ubao.

Miezi ilipopita nilikwenda Wamunyu kumwona. Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, amepakwa mafuta, amevikwa gauni safi, amewekwa kivulini kwenye kiti. Alinitabasamia, hakuinuka. Chakula kilipokuja, mke wa mjomba alichukua kijiko akaanza kumlisha.

"Anaweza kula mwenyewe," nikasema. "Hata kupika anaweza."

"Najua, Mwalimu. Lakini atajichafua, na wageni mko hapa." Akapuliza kijiko kipoe. "Haya mama, fungua."

Nikamtazama msichana, nikingoja akatae. Akafungua mdomo.