Mkate Ulioumwa Asubuhi

Nyumbani kwa Gulbara, kijijini Jyrgalan, mgeni hatoki na njaa. Tangu mgodi wa makaa ulipopunguza watu, Gulbara huongoza wageni wanaokuja kuteleza kwa ski milimani. Theluji anaimudu; chai ya mama mkwe wake, Sairash, hajawahi kuishinda.

"Mama, jua halitungoji."

"Jua nililikuta nilipoolewa hapa, mwanangu. Waache wale, wamekonda kama fito."

Akamimina tena, nusu kikombe, kama heshima inavyotaka. Hatimaye kila msafiri akauma mkate wake, na Sairash akaitundika ukutani mikate hiyo iliyoumwa. Mwenye mkate sharti arudi aumalize.

Walipofika kileleni, mteremko wa mashariki ulikuwa umeshaota jua vya kutosha. Chini ya miamba, vidonge vya theluji vilibingirika bila kuguswa. Gulbara akawazuia wote.

"Shemeji, hiyo ni theluji legevu tu," alisema Talant, mdogo wa mumewe, aliyefunga msafara. "Itatufika magotini. Au uzee umebisha hodi?"

"Magotini panatosha. Unaliona korongo lile? Ikikuzoa miguu, humo ndimo itakamokumwaga, kisha inakufukia."

Alihakikisha hakuna mtu chini, akafinyanga donge, akaliachia. Likabingirika, likazoa theluji ya jirani, na njia yake ikatanuka kama sketi ya mcheza ngoma. Mto mzito wa theluji ukaporomoka ukajaza korongo.

Talant akakuna kidevu. "Haya, mkuu. Nimenyamaza."

Wakazunguka upande wa kivulini, ambako theluji ilikuwa kavu kama unga. Hiyo nayo humfukuza anayeteleza. Gulbara aliwashusha mmoja mmoja: kata pembeni, panda tuta, iache ipite, usisimame chini ya mwenzako. Talant alishuka mwisho, unga ukimkimbiza kisogoni. Akakata pembeni, nao ukampita.

Waliporudi, Sairash alikuwa langoni, shali imemteleza begani. Dirisha la jiko lake linatazama korongo.

"Nimeliona likijaa," alisema.

"Ni mimi niliyelijaza, mama. Sote tupo."

Kikongwe akawatazama usoni mmoja mmoja, kisha akaingia kuitungua mikate. Talant alipopokea wake, akautafuna palepale mlangoni.

"Kesho chai nawatilia kwenye chupa, mliwahi jua," Sairash alisema.

"Na nyama, mama?" akauliza Talant.

"Nyama utaikuta ukirudi."