Paswadi ya Maktaba

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa, nikaacha shule nikachunga ng'ombe za watu huko mashambani Plateau.

Juzi chuo cha binti yangu kilipoalika wazazi, nilienda moja kwa moja kwa maktaba. Ng'ombe wangu mmoja alikuwa amevimba kiwele na nilitaka kitabu.

“Mzee, vitabu vya mifugo viko kwa kompyuta,” mama wa maktaba akasema. “Binti yako atakufungulia na paswadi yake.”

“Sina, Baba,” binti akanong'ona. “Sijawahi kuomba.”

“Miaka mitatu hapa umekuwa ukisoma nini, ukuta?”

Wenzake wakacheka, wale ambao hawakuwa wamelala mezani wakichaji simu.

Akapewa paswadi hapo hapo, akanisomea kitabu. Nilirudi nikamkanda ng'ombe kiwele na maji moto vile kitabu kilisema, akapona.

Leo mimi niliyeacha shule nina ekari tano, nyumba ya mawe na ng'ombe saba, wote wanakamuliwa, hata huyo.