Mfupa wa Darasa la Nne

Nikipita buchani Miyuji nikanusa mfupa uliokaa juani, shingo huanza kuniwasha. Msinicheke. Mimi mfupa wa ng'ombe nimeuvaa kama mkufu.

Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila aliyejiona ana uwezo akataka mwanawe aongee Kiingereza. Baba akanihamishia shule mpya ya kulipia. Lugha yenyewe imeandikwa hivi, inasomwa vile. Nilitoka jasho zaidi kwa neno moja kuliko kwa ndoo ya maji. Na Kiswahili kilikuwa marufuku kuanzia getini. Kikikuponyoka, unavishwa mfupa wenye kamba ya katani, unazunguka nao mpaka umnase mwenzako akisema Kiswahili, umvishe yeye. Kengele ya mwisho ikikukuta nao, fimbo kumi mbele ya wote. Ukilia "mama!" zinaanza upya. Wallahi, sijapata kumsikia mtoto anayelia kwa Kiingereza.

Kumi hizo nilishazila mara mbili. Mara ya pili sketi iligandana na damu, mama akaibandua kwa maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo Ijumaa ile, mfupa uko shingoni na kengele imekaribia, niliwinda. Nilimkanyaga mmoja vidole, nikamfinya mwingine mpaka ngozi ikachubuka. Wote wakameza maumivu kimya.

Ndipo bibi yake Nyemo akatokea getini. Nyemo ni shoga yangu, tulikaa dawati moja, tukigawana kiazi kimoja wakati wa mapumziko. Bibi alikuwa ametoka Ihumwa kwa miguu tangu alfajiri, kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani. Nyemo alimwona, kisha akanitazama mimi na mfupa wangu. Alijua. Lakini mtoto aliyelelewa akaleleka, atasimamaje bubu mbele ya bibi yake? Akapiga goti, akasema shikamoo.

Nilimvisha pale pale, bibi hajamaliza kuitikia marahaba.

Mwalimu wa zamu alichapa kwa fimbo ya mkwaju, akihesabu kwa Kiingereza. Ya sita, Nyemo aliing'ata ile kamba mpaka midomo ikatoka damu. Bibi, asijue mfupa ni wa nini, aling'ang'ania nondo za geti akipiga kelele kwa Kigogo. Mlinzi akamsukuma, kibuyu kikapasuka, maziwa yote yakaingia mchangani. Na mimi, ngoja nikiri, nilisikia raha. Hazikuwa zangu.

Tulipotoka bibi alimuuliza amekosa nini. Nyemo akafuta mdomo kwa kola.

"Nilichelewa shule, bibi," akasema.

Nilidhani amenificha mimi. Jumatatu nikamletea kiazi kizima, hakukipokea, na dawati akahama. Nikamwona ana kiburi. Mpaka juzijuzi binti yangu alipompigia mama yangu goti, ndipo nikaelewa. Hakunificha mimi hata kidogo. Alimficha bibi, asijue kwamba zile kumi zilitokana na kumwamkia yeye.

Bibi akaamini. Wiki hiyo hiyo alihama Ihumwa akaja kukaa kwao Nyemo, na mpaka anakufa, alikuwa akiamka kabla ya jogoo kumwamsha mjukuu wake, asije akachelewa tena.